Sauti saba kwa malipo ya mara moja: jibu kwa binti anayemtazama Mel Blanc

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 23, niko Tanga. Tangu shule naigiza sauti, za wazee, za watoto, za wanyama, na klipu zangu zinapendwa mtandaoni. Nimekuwa nasoma habari za Mel Blanc, yule Mmarekani aliyeigiza sauti za katuni, yule wa sungura Bugs Bunny. Wanasema katuni zote alifanya peke yake, sauti elfu moja, daktari akampima akakuta koo lake sio la kawaida, na hata alipopata ajali akazimia aliamka akiongea kama sungura. Sasa kuna watu wanatengeneza katuni ya Kiswahili, wamenitafuta nifanye wahusika saba, mmoja ni zimwi linapiga kelele mwanzo mwisho. Hela ni ya mara moja tu na jina langu halitaandikwa, wanasema ndo kawaida kwa anayeanza. Shida nyingine nikifanya mazoezi sana jioni sauti inakwaruza, asubuhi inarudi. Nakunywa tangawizi na asali lakini wapi. Je, hiki kitu mtu anazaliwa nacho kama Mel Blanc au kinajifunzwa? Na hii kazi niichukue?"*

Marahaba mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili na naona umebeba hofu mbili kwa pamoja. Moja unaogopa koo lako limekataa, yaani kama Mel Blanc aliumbwa tofauti na wewe unakwaruza kwa mazoezi tu ya nyumbani, basi hii kazi haikuwa yako tangu mwanzo. Nyingine unaogopa ukidai chochote watakuacha wamchukue mwingine. Ntajibu zote mbili, ila ntapitia kwa huyo huyo Mel Blanc maana umemleta mwenyewe, na maisha yake yakisimuliwa vizuri yanajibu karibu kila ulichouliza, tatizo yanasimuliwaga vibaya.

Hilo la daktari na koo la ajabu, mwenyewe alipenda kulisimulia, kwamba mtaalamu wa koo alimchungulia akasema misuli yake imejengeka kama ya Enrico Caruso, yule mwimbaji mkubwa wa opera wa Italia. Tuseme ni kweli kabisa. Haya, daktari alimchungulia mtu ambaye keshapiga kelele mbele ya maiki kwa miaka na miaka, unategemea akute misuli laini? Mbeba mizigo wa bandarini akivua shati ukaona mgongo ule huwezi kusema alizaliwa nao. Kwahiyo hiyo hadithi inatuambia kazi ilimfanya nini, haituambii alianza na nini. Kuhusu alianza na nini, tunajua vizuri kabisa na hakuna muujiza ndani yake.

Alizaliwa San Francisco mwaka 1908, akakulia Portland, jimbo la Oregon. Kabla ya katuni alikuwa mwanamuziki, anapiga fidla, anapiga tuba, akaja kuongoza bendi akiwa bado kijana mdogo. Shikilia hapo kwenye muziki, ntarudi. Redio aliingia 1927 kwenye kipindi cha vichekesho cha kituo cha KGW pale pale Portland. Mwaka 1933 akamuoa Estelle, na wawili hao wakawa na kipindi chao kwenye kituo cha KEX, kila usiku isipokuwa Jumapili, saa nzima, wanaandika wenyewe wanaigiza wenyewe. Kituo hakikutaka kutoa hela ya waigizaji wengine, sasa skripti ikitaka mzee, mlevi, mwenye duka, polisi na mbwa, atawafanya nani? Ndo huyo huyo. Unaona sasa "sauti elfu moja" zilikotoka, zilitoka kwenye bajeti ndogo. Fikiria mtu anayetakiwa kutoa wahusika wapya kila usiku, hewani moja kwa moja, hakuna kurudia, kwa karibu miaka miwili. Hayo ndiyo mazoezi aliyoyapata na hakuna daktari anayeweza kuyaona kooni.

Wewe na mimi tumekulia kwenye vibanda vya video, tumemsikia Lufufu kwa huku Tanzania na wenzetu Kenya wana DJ Afro, mtu mmoja anabeba filamu nzima mdomoni mwake. Ule uzoefu wa kusikiliza usiudharau, ila ujue ni kazi ya aina nyingine. Pale msimuliaji anabaki kuwa yeye mwenyewe, utamu ni yeye. Kwenye katuni inabidi wewe upotee, mtoto anayeangalia asijue kabisa kwamba zimwi na bibi wametoka kwenye mdomo mmoja.

Sasa twende kwenye namna sauti inavyotengenezwa, hapa naomba utulie kidogo maana ndipo penye ufunguo wako. Kooni kuna nyuzi mbili za sauti, ndogo sana, ziko nyuma ya kikoromeo. Hewa ikitoka mapafuni zinagongana, kwa mwanaume akiongea kawaida kama mara 100 hadi 130 kwa sekunde, kwa mwanamke kama mara 200. Zikivutwa zikawa nyembamba sauti inapanda, zikilegea inashuka. Hiyo peke yake inatoa mlio tu, mlio mbaya hivi kama wa nyuki. Kinachofanya mlio uwe mtu ni njia unayopita kutoka hapo kwenda nje: umbo la koo, ulimi umekaa wapi, midomo imekunjwaje, hewa inapita puani au haipiti, kikoromeo umekipandisha au umekishusha. Ukishusha kikoromeo na kurefusha midomo unakuwa jitu, ukikipandisha na kutabasamu huku unaongea unakuwa kitoto. Nyuzi zile zile.

Alafu juu ya hapo kuna kitu cha tatu ambacho ndo kikubwa kuliko vyote, nacho ni mwendo: mtu anavuta pumzi wapi, anakata neno wapi, anaharakisha nini. Bugs Bunny ukimsikiliza vizuri koo lake halina ajabu yoyote, ni mtu wa mjini mwenye lafudhi ya mitaa ya New York, Brooklyn na Bronx zimechanganywa, hana haraka, hashtuki hata akielekezewa bunduki. Wa kwanza tunayemtambua kabisa kama Bugs ni yule wa 1940, kwenye katuni iliyoongozwa na Tex Avery, na utulivu ule ndio mhusika mwenyewe. Sylvester yule paka ni ulimi unaoloanisha kila herufi ya s. Foghorn Leghorn yule jogoo ni mtu anayejirudia na kukukatiza. Umeona, nimekueleza wahusika watatu na sijataja nyuzi za sauti hata kidogo.

Na kuna mfano unaonyesha hili waziwazi mpaka inauma kidogo. Porky Pig, yule nguruwe, mwanzoni alifanywa na Joe Dougherty, mtu aliyekuwa na kigugumizi cha kweli. Maskini hakuweza kukiongoza, mstari mmoja ungeweza kumaliza filamu nyingi sana, na filamu ilikuwa gharama. Mwaka 1937 akapewa Mel Blanc, yeye kigugumizi alikipigia mdundo kama mpiga ngoma, anajua kitaanza wapi na kitatua kwenye neno gani, mara nyingi anakwama kwenye neno moja kisha anaishia kwenye neno lingine kabisa. Hapo ndo muziki ulipomsaidia. Aliyekuwa nacho kweli alishindwa, aliyekuwa na sikio akafaulu.

Kwahiyo jibu la swali lako la kwanza: kinajifunzwa, ila kinajifunzwa kwa sikio kabla ya koo. Kama una klipu zinapendwa tayari una sikio. Chukua watu saba wa kweli unaowajua, rekodi namna wanavyoongea (waombe ruhusa lakini, usije ukagombana na shangazi), sikiliza wanapumua wapi, alafu wajenge wahusika wako kutokea hapo badala ya kupandisha na kushusha sauti tu. Wanaoanza wengi wakikwambia wana sauti saba ukiwasikiliza wana sauti moja kwa urefu saba tofauti, na urefu wa juu kabisa na wa chini kabisa ndiyo inayochosha.

Tukija kwenye urefu, kuna siri nyingine ambayo waliokwambia habari za koo la ajabu huwa hawaisemi: mashine ilimsaidia. Daffy Duck yule bata na Tweety yule ndege mdogo, zile sauti hazikutoka mdomoni hivyo. Walirekodi, kisha wakaongeza mwendo wa rekodi, sauti ikapanda na ikawa kama imetoka kwenye kichwa kidogo. Ukimpunguza mwendo Daffy unamkuta Sylvester pale ndani, ni karibu mtu mmoja. Lakini usidhani ni kazi rahisi, maana ukijua utaongezwa mwendo lazima uongee taratibu kuliko kawaida na bado uchekeshe, uhesabu muda wa mzaha kichwani wakati unaoongea sio muda utakaosikika. Kwahiyo watu wa studio wakikwambia kitoto chao kinatakiwa kiwe juu sana, waulize kama watakipandisha kwenye kompyuta. Programu za siku hizi zinafanya vizuri sana hilo, hakuna sababu ya wewe kujinyonga kwa kitu ambacho hata kwa Mel Blanc kilifanywa na mashine.

Sasa hili la "katuni zote alifanya peke yake". Hapana, na hapa ndipo stori yake inapogusana na mkataba wako, kwahiyo soma taratibu.

Los Angeles alifika 1935. Studio ya Leon Schlesinger iliyokuwa inatengeneza katuni za Warner Bros. ilimkatalia mara nyingi tu, wanamwambia sauti tunazo za kutosha, mpaka mwishoni mwa 1936 Treg Brown, mtu wa sauti wa pale studio, akamsikiliza. Kazi yake ya kwanza pale ilitoka 1937, akawa fahali mlevi. Miaka ile jina la mwenye sauti lilikuwa haliandikwi, ni la mwongozaji na wachoraji na mwanamuziki. Yeye akaenda kwa Schlesinger kuomba nyongeza ya mshahara. Schlesinger alikuwa mgumu wa pesa wa kujulikana, akakataa. Basi, akasema, niandikie jina langu kwenye skrini. Hilo halikumgharimu tajiri kitu, akakubali, na kuanzia 1944 jina la Mel Blanc likawa linaonekana mwanzoni mwa katuni. Watayarishaji wa redio wakaanza kujua kumbe yule ni yule, simu zikaanza kulia, 1946 akapata na kipindi chake mwenyewe cha redio ya CBS. Kipindi chenyewe kilidumu msimu mmoja tu, lakini jina lilishatoka.

Ila angalia upande wa pili. Jina lililoandikwa kwa miaka mingi lilikuwa lake peke yake. Elmer Fudd, yule mwindaji anayemfukuza Bugs kila siku, alikuwa Arthur Q. Bryan mpaka alipofariki 1959, na jina lake halikuwekwa. Sauti za kina mama miaka ya arobaini alizifanya sana Bea Benaderet, halikuwekwa. Akaja June Foray, bibi wa Tweety na yule mchawi Witch Hazel, miaka mingi halikuwekwa. Hata ule mlio wa Road Runner, yule ndege mkimbiaji, ulitoka kwa Paul Julian, mchoraji wa mandhari, alikuwa akipita kwenye korido amebeba picha zake anatoa ule mlio ili watu wampishe njia, wakamsikia wakaupenda. Kwahiyo watazamaji wakaona jina moja wakaamini mtu mmoja, na imani hiyo ndiyo imekufikia wewe Tanga miaka themanini baadaye. June Foray aliishi mpaka miaka 99, akafariki 2017, watu wa fani wanamheshimu kama malkia, lakini wewe umeniandikia barua nzima hujamtaja. Sikulaumu hata kidogo. Nakuonyesha tu kutokuandikwa jina kunafanya nini.

Alafu kuna kesi ya Woody Woodpecker, ambayo mimi nikifundisha huwa siachi kuisimulia. Yule ndege kigogota alipoanza 1940 kwa Walter Lantz, mtengenezaji mwingine wa katuni, sauti ilikuwa ya Mel Blanc, na kile kicheko chake maarufu alikuwa nacho tangu shule ya sekondari, alikuwa anakipiga kwenye korido kwa sababu mwangwi wake ulikuwa mtamu. Alifanya katuni chache tu za mwanzo kisha Schlesinger akamfunga kwa mkataba wa kumfanyia yeye tu, akaondoka. Kicheko kilibaki. Wakaendelea kukitumia kile kile kilichorekodiwa, miaka inapita, ndege anapata umaarufu, yeye hapati kitu. Mwaka 1948 akaenda mahakamani. Akashindwa! Hakuwa amekisajili kama mali yake. Lantz baadaye alimlipa kwa makubaliano ya nje ya mahakama, lakini hilo lilitegemea uungwana na hesabu za Lantz, sheria ilishamwambia hana kitu. Na mtu aliyekuja kuchukua sauti ile baadaye ni Grace Stafford, mke wa Lantz mwenyewe, aliyetuma rekodi yake ya majaribio bila kujitaja akachaguliwa, na mwanzoni hakutaka jina lake liwekwe akihofia watoto watavunjika moyo wakijua kigogota ni mama mtu mzima. Yeye aliamua mwenyewe. Wewe unaamuliwa.

Nipite haraka kwenye karoti maana najua wengine watauliza. Eti alikuwa na mzio wa karoti, sio kweli. Karoti alitafuna kweli, walijaribu vitu vingine havikulia vizuri, ila ukitafuna huwezi kuendelea kuongea ukiwa na mdomo umejaa na muda wa kumeza hakuna, kwahiyo alitema. Basi.

Ajali ndiyo ilitokea, Januari 1961, barabara ya Sunset pale Los Angeles, kwenye kona mbaya, gari uso kwa uso na lingine. Miguu ilivunjika, nyonga ilivunjika, na akawa hana fahamu kama wiki mbili. Inasimuliwa na familia pamoja na daktari wake kwamba walimwita kwa jina lake hakujibu siku nyingi, siku moja daktari akamuuliza Bugs Bunny hali yako, akajibu kwa sauti ya Bugs. Watu wanaligeuza hili kuwa la kimiujiza, kwamba sungura ndiye alimwokoa. Mimi naliona kwa macho ya kazi: maneno yaliyorudiwa maelfu ya mara hukaa pahali pa kina kwenye ubongo, ndiyo maana hata wagonjwa wa kiharusi wanaoshindwa kuunda sentensi wakati mwingine wanaweza kutoa salamu au wimbo wa zamani bila kukwama. Miaka ishirini ya kuwa Bugs ilikuwa imeshakuwa hivyo. Kinachonigusa mimi zaidi ni kilichofuata, alilala nyumbani amefungwa plasta mwili mzima, wakaleta mitambo mpaka kitandani, akaendelea kumfanya Barney wa katuni ya The Flintstones akiwa kalala chali, baada ya mwenzake Daws Butler kumshikia nafasi kwa muda. Usiige hilo tafadhali. Nakuomba.

Na usiige sigara. Alivuta tangu mtoto mpaka uzeeni, mapafu yakaharibika kwa emfisema, akafariki Julai 1989 akiwa na miaka 81. Mwaka mmoja kabla, kwenye filamu ya Who Framed Roger Rabbit, aliwafanya Bugs na Daffy na Porky na wenzao, lakini Yosemite Sam, yule mfupi mwenye masharubu mekundu anayefoka kila neno, alishindwa, nafasi hiyo akapewa Joe Alaskey. Hata ujanani Mel Blanc alikuwa anasema Sam ndiye anayemuumiza koo kuliko wote. Umenielewa nnakoelekea? Zimwi lako ni Yosemite Sam. Mtu unayemdhania alikuwa na koo la chuma alikuwa na zimwi lake na lilimshinda.

Kwahiyo tuongelee koo lako. Nimekwambia nyuzi zako zinagongana kama mara 200 kwa sekunde, maana yake saa moja ya kutoa sauti mfululizo ni zaidi ya mara laki saba, na ukifoka zinagongana kwa nguvu zaidi. Zinavimba kidogo, jioni sauti inakwaruza, ukilala uvimbe unashuka, asubuhi uko sawa. Hicho ndicho unachokielezea na kwa sasa hakinitishi sana, ila ni onyo. Ukiendelea hivyo kila siku bila kupumzisha, uvimbe unaweza kugeuka vinundu, na hapo asubuhi nayo inaanza kukwaruza.

Tangawizi na asali havina ubaya lakini havifiki. Unachokimeza kinapita njia ya chakula, kingegusa nyuzi za sauti ungepaliwa ukohoe mpaka machozi. Vinaburudisha koo la juu tu, na tangawizi kali kwa mtu mwenye kiungulia inaweza hata kuongeza tatizo maana tindikali ikipanda usiku inaunguza kule kule. Maji ndiyo yanasaidia, kwa kuzunguka mwilini, kwahiyo kunywa tangu asubuhi, usingoje uanze kukauka mbele ya maiki. Usisafishe koo kwa kukohoa kohoa kila dakika. Na sauti ikichoka nyamaza kabisa, kunong'ona sio kupumzika, wengi wananong'ona kwa kubana na wanazidi kujichosha.

Kuhusu zimwi, lirekodiwe mwisho wa siku, sauti laini zitangulie. Mwambie anayeongoza kwamba mistari ya kufoka utaifanya kwa mafungu mafupi yenye mapumziko, na usikubali kurudia mstari wa kelele mara ishirini kwa sababu hawajaweka maiki sawa, wapime maiki ukiwa unaongea kawaida. Alafu jaribu kulijenga zimwi kwa kifua na mdomo, kikoromeo chini, maneno mazito yanayoburutwa, pumzi inasikika, kuliko kwa kelele tupu. Kwenye maiki mtu aliye karibu akiongea kwa uzito anatisha kuliko aliyeko mbali anapiga ukelele. Jirekodi hivyo uwapelekee wasikie, huenda wakalipenda zaidi.

Sasa niichukue au nisiichukue. Kwanza waulize swali moja: picha zimeshachorwa tayari, au watachora kufuata sauti yangu? Kwenye zile katuni za Warner sauti ilirekodiwa kwanza, wachoraji wakachora midomo kufuata mwigizaji, kwahiyo mwendo wa mzaha aliuweka Mel Blanc. Kwenye kuingiza sauti, kama hizi tamthilia za Kichina na Kituruki tunazoziona kwa Kiswahili, mdomo umeshachezwa, wewe unaufuata. Kazi zote mbili ni ngumu ila kama wanachora kukufuata wewe basi hao wahusika saba unawaumba pamoja nao, na hapo kusema eti jina haliandikwi ni kukuonea, wala sizungushi.

Kuhusu hela niwe mkweli, studio ndogo za huku kwetu nyingi kweli hazina, ukiwakamia sana inawezekana wakaenda kwa mwingine, hiyo hatari ipo. Lakini kuandika jina ni sekunde mbili za skrini, haliwapunguzii shilingi. Mimi ningekuwa wewe ningekubali hela ndogo kwa msimu wa kwanza kwa masharti yaliyoandikwa: jina langu litokee kila kipindi, sauti hii itumike kwenye katuni hii tu, wakiitaka kwenye tangazo au mdoli au msimu mwingine tunakaa upya, na sauti yangu isitumike kufundishia kompyuta iongee kama mimi. Hilo la mwisho Mel Blanc hakulijua lakini kicheko chake kilichobaki kwa Lantz ni jambo hilo hilo kasoro kompyuta. Wakikubali jina na mipaka, nenda ukafanye kazi. Wakitaka kila kitu, milele, bila jina, kwa malipo ya mara moja, mimi ningekataa hata kama sina hela ya nauli, na najua ni rahisi kwangu kusema hivyo kuliko kwako.

Usisaini siku hiyo hiyo. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na waigizaji wamo ndani yake, kwahiyo mkataba upeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukawaulize kabla, walioko Kenya waende KECOBO, bodi ya hakimiliki ya kwao. Mwanasheria wa kawaida naye anafaa, mimi ni mwalimu wa sauti tu na sijauona mkataba wako, usitumie maneno yangu kama ushauri wa sheria.

Na koo, fanya hivi. Punguza mazoezi ya kelele kwa wiki mbili uangalie. Kama kukwaruza kunaendelea zaidi ya wiki tatu na huna mafua, au asubuhi sauti hairudi tena, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, kwenu ni Bombo, uliza daktari wa masikio, pua na koo, na kama hayupo waombe rufaa. Usisubiri hata siku moja ukikohoa damu, ukiumia kumeza, ukihisi uvimbe shingoni, pumzi ikibana, au sauti ikikatika ghafla katikati ya kufoka, hapo ni kunyamaza na kwenda. Ataingiza kamera ndogo kupitia puani au mdomoni aone nyuzi zenyewe, sio kitu cha kutisha. Mwambie mapema kwamba unafanya kazi ya sauti, na umpelekee rekodi mbili kwenye simu, ukisoma aya ile ile asubuhi na jioni ya siku uliyofanya zimwi, zitamsaidia kuliko kumwambia tu inakwaruza.